Mbona Hakikuja?

Kila kimbunga kinapotajwa kwenye pwani yetu, mambo hufuatana vilevile. Taarifa inatoka, simu zinajaa ramani, boti zinafungwa gatini, mama anatoa nguo kambani na kuuliza kama mishumaa ipo. Kisha siku iliyotajwa inapambazuka, Dar es Salaam kuna manyunyu, na kabla ya adhuhuri jua limeshatoka. Jioni barazani shtaka liko tayari: walitudanganya.

Nimelisikia shtaka hilo baada ya Kenneth mwaka 2019, baada ya Jobo mwaka 2021 na baada ya Hidaya mwaka 2024. Halisemwi na wajinga. Linasemwa na watu wazima wenye akili zao, ambao biashara yao ililala siku mbili na hawakuona upepo wowote. Nataka kulijibu hoja kwa hoja, tena bila kuwabeza, kwa sababu taarifa ya kimbunga kijacho itasomwa na watu hawahawa wakiwa na kinyongo cha mara iliyopita.

“Vimbunga si vya kwetu”

Wanaosema hivi hawakuzua. Chukua ramani yenye njia za vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi: mistari imesongamana Madagaska, Msumbiji, Mauritius na Réunion, na ukanda wetu umebaki karibu mweupe. Sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ikweta. Ili hewa ianze kuzunguka na kuwa kimbunga, inahitaji msukumo unaotokana na kuzunguka kwa dunia, na msukumo huo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, hadi unapotea kabisa juu ya ikweta yenyewe. Ndani ya nyuzi tano hivi kutoka ikweta, kaskazini au kusini, vimbunga ni nadra mno. Tanga iko nyuzi 5 kusini, Unguja 6, Mafia karibu 8, Mtwara 10 na kidogo. Sababu ya pili ni kwamba vimbunga vya upande wetu wa dunia, vikishakwenda magharibi kwa siku kadhaa, vina tabia ya kupinda kuelekea kusini. Vingi vinapinda kabla ya kutufikia, na vingi vya visivyopinda vinakutana kwanza na Madagaska.

Lakini nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Kilibomoa nyumba, kikazamisha majahazi pamoja na meli za Sultani Barghash bandarini, kikang'oa minazi na mikarafuu karibu kisiwa kizima. Ng'ambo, Bagamoyo, kituo cha wamisionari kilibomolewa. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na ndipo uzito wa karafuu ulipohamia kule. Ukimuuliza mtu leo kwa nini karafuu nyingi zinatoka Pemba, atakutajia udongo na mvua. Huenda hajui kwamba sehemu ya jibu ni siku moja ya upepo.

Mwaka 1952, tarehe ileile ya 15 Aprili, kimbunga kingine kiliingia Lindi. Kenneth kilitua Aprili 25, mabaki ya Jobo yalifika mwishoni mwa Aprili, Hidaya kikaja Mei 4. Zitazame tarehe hizo. Kwa Madagaska na Msumbiji miezi inayotisha zaidi ni Januari hadi Machi. Kwetu vinakuja mkiani mwa msimu, masika ikiwa imeshalowesha ardhi na kujaza mito. Jambo hili nitalirudia nikifika Kilwa.

“Jobo kilitangazwa, hakikuja, basi ulikuwa uongo”

Hoja hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mtu anapotabiri kama kimbunga kitatua, anajibu maswali mawili ambayo sisi tumezoea kuyachanganya. Swali la kwanza ni la njia: kitakwenda wapi? La pili ni la uhai: kitafika kikiwa na nguvu gani? Kimbunga hakijiendeshi. Kinabebwa na pepo kubwa zinazokizunguka, kama kipande cha kifuu mtoni. Katika bahari yetu dereva mkuu ni eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa linalokaa kusini, upande wa visiwa vya Mascarene. Likiwa imara, linakisukuma kimbunga moja kwa moja magharibi. Likipasuka, kimbunga kinapata mwanya na kupinda kusini. Pepo hizi ni pana sana, maelfu ya kilomita, kwa hiyo kompyuta zinaweza kuzifuatilia kwa siku kadhaa bila kupotea sana.

Uhai ni habari nyingine. Kimbunga kinakula joto la bahari. Maji yakiwa chini ya nyuzi 26 au 27 hivi za Selsiasi, chakula hakitoshi. Hata maji yakiwa ya moto, kuna maadui wawili. Wa kwanza ni pepo za juu kuvuma kwa kasi au mwelekeo tofauti na za chini: mnara wa mawingu unakatwa kichwa, joto lililokusanywa katikati linapeperushwa pembeni. Wa pili ni hewa kavu kuingia ndani ya mzunguko na kuyanyausha mawingu. Kimbunga kikubwa kinaweza kuvumilia vita hivyo siku nzima. Kidogo kinaweza kufa kwa saa chache.

Jobo kilikuwa kidogo sana. Kilizaliwa kaskazini mashariki mwa Madagaska, kikashika njia ya magharibi kuelekea upande wa Mafia na Dar es Salaam, kama ilivyosemwa. Njiani kilikutana na pepo za juu zisizokitaka na hewa kavu, kikadhoofika siku hadi siku, na kilipokaribia pwani kilikuwa kimebaki mgandamizo mdogo wa hewa wenye mawingu na upepo wa kawaida. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilitangaza kwamba kimepoteza nguvu. Tangazo hilo nalo lilikuwa utabiri, lakini halikusambazwa simuni hata robo ya lile la kwanza. Wanaosema “hakikuja” waeleze ni nini hasa hakikuja. Njia ilikuja. Nguvu ndiyo iliyokufa baharini, na walioifuatilia walisema inakufa.

Tuseme basi watabiri wangeona dalili za udhaifu na kunyamaza, wakijiambia kwamba kitakufa tu. Nguvu inaweza kwenda upande wa pili pia. Oktoba 2023, karibu na pwani ya Pasifiki ya Meksiko, dhoruba iitwayo Otis ilikuwa ya kawaida, na modeli za kompyuta karibu zote zilisema itaongezeka nguvu kidogo tu. Ndani ya saa 24 ikapanda hadi daraja la tano, la juu kabisa, na usiku wa kuamkia Oktoba 25 ikatua Acapulco. Watu walikuwa na saa chache tu za kujua kwamba kinachokuja si kile walicholala wakikitarajia. Hata Kenneth, karibu na nyumbani, kilipata nguvu kwa kasi siku moja tu kabla ya kutua, kilipokuwa kinapita kaskazini mwa Ngazidja.

Tena kwa watabiri wa bahari yetu kazi ni ngumu zaidi. Katika Atlantiki, Wamarekani wana ndege zinazoingia hadi ndani ya jicho la kimbunga na kudondosha vipimo vinavyosoma upepo, unyevu na mgandamizo kutoka juu hadi kwenye maji. Kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi hakuna huduma kama hiyo ya kawaida. Kituo cha kanda kilichopo Réunion, chini ya Météo-France, na mamlaka za nchi zetu zinazokitegemea, hukadiria nguvu hasa kwa kusoma umbo la mawingu kwenye picha za setilaiti. Wanasoma vizuri. Lakini ni kama daktari anayempima mgonjwa aliye upande wa pili wa dirisha.

“Mtaalamu wa kweli angesema ndiyo au hapana”

Nawaelewa wanaodai hivi. Nahodha anataka kujua aondoke au asiondoke, na asilimia haifungi kamba ya nanga. Lakini jibu la ndiyo au hapana siku tatu kabla lingekuwa ndiyo udanganyifu wenyewe, na tarakimu zinaonyesha kwa nini.

Kituo cha Vimbunga cha Marekani, kilichopo Miami, hupima makosa yake kila mwaka na kuyaweka hadharani. Kwa wastani, kitovu cha kimbunga hukutwa takriban kilomita 60 kutoka pale kilipotabiriwa saa 24 kabla, takriban 180 kwa utabiri wa siku tatu, na zaidi ya 300 kwa siku tano. Miaka thelathini iliyopita kosa la siku tatu lilikuwa karibu maradufu. Hayo ni makosa ya watu wenye ndege, maboya na fedha.

Sasa iweke Mtwara ndani ya hesabu hiyo. Aprili 2019 Kenneth kilipokuwa kinakuja, wananchi wa Mtwara waliambiwa wahame mabondeni na shule zikafungwa. Kitovu kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, kaskazini mwa mji wa Pemba ulioko kule, yaani kilomita 200 hivi kusini mwa Mtwara mjini. Mtwara ikapata mvua na upepo ambao watu hawakuuona wa kutisha, na manung'uniko yakaanza. Lakini kilomita 200 ni karibu sawa na kosa la kawaida la siku tatu. Siku tatu kabla hakukuwa na mtu duniani ambaye angeweza kuwahakikishia watu wa Mtwara kwamba kitapita kusini mwa mto Ruvuma. Kilikotua, vijiji vilibomolewa na makumi ya watu walikufa. Waliohamishwa Mtwara walihamishwa kutoka kwenye hatari ya kweli ambayo haikuwaangukia.

Marekani yenyewe ililipia somo hili. Agosti 2004 kimbunga Charley kilikuwa kinapanda kando ya pwani ya magharibi ya Florida, na mstari mweusi katikati ya ramani ulikwenda Tampa. Tampa ikajiandaa. Kimbunga kikapinda kidogo kulia na kuingia Punta Gorda, zaidi ya kilomita 100 kusini, kikiwa kimepata nguvu ghafla. Punta Gorda ilikuwa ndani ya eneo la tahadhari tangu mwanzo. Watu walikuwa wameutazama mstari na kulisahau eneo. Lile umbo linalotanuka kama faneli kwenye ramani linaonyesha mahali ambapo kitovu kinaweza kupita, na limechorwa ili kitovu kibaki ndani yake kama mara mbili kati ya tatu. Halionyeshi ukubwa wa kimbunga, wala aliye nje yake hajaandikiwa usalama.

Hapa pwani yetu ina tofauti moja ambayo sijaona ikielezwa vya kutosha. Florida ni rasi ndefu, na kimbunga mara nyingi hupita sambamba na ufuko, hivyo kupinda kwa nyuzi chache tu huhamisha mahali pa kutua kwa kilomita nyingi, au hukifanya kisitue kabisa. Dorian mwaka 2019 kilisimama juu ya Bahamas, Florida ikasubiri, kisha kikapanda kaskazini bila kuigusa kwa kitovu. Pwani ya Tanzania imenyooka kaskazini na kusini, na vimbunga vinatoka mashariki. Vinatujia uso kwa uso. Kwa hiyo kwetu swali gumu si sana kitatua au kitapita pembeni, bali kitafika hai au maiti. Na hilo, kama nilivyoeleza, ndilo swali ambalo sayansi bado haijalimudu vizuri.

Asilimia zenyewe hazitoki hewani. Kituo cha Ulaya cha utabiri huendesha modeli yake mara 51 kwa wakati mmoja, kila mara ikianza na hali ya hewa iliyobadilishwa kidogo sana, kwa sababu hakuna anayejua kwa usahihi hali ya kila kipande cha anga kwa sasa. Majibu yote 51 yakiingia Kilwa, mtabiri ana ujasiri. Majibu 15 yakiingia Kilwa na mengine yakifia baharini, ataonya huku akisema nafasi ni ndogo. Unaweza kumwona mwoga. Lakini nani angempakia mwanawe kwenye chombo kinachozama safari tatu katika kila kumi?

“Hidaya kilitua, na hakuna lililotokea”

Kilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024, na usiku uleule nguvu zake zikaisha. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesimama. Dar ikangoja, ikapata mvua na upepo wa wastani, ikahitimisha kwamba hakuna lililotokea.

Hakuna lililotokea wapi? Barabara ya kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Maji yalibeba tuta na kuvunja madaraja, magari na mabasi yakakwama pande zote mbili, na kwa siku kadhaa mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa haifikiki kwa njia ya kawaida. Aliyekuwa na mgonjwa Nangurukuru wiki ile hawezi kuambiwa kwamba kimbunga hakikuja.

Tofauti kati ya Dar na Kilwa haikuwa bahati. Upande wetu wa dunia vimbunga vinazunguka kama mshale wa saa. Kimbunga kinapokuja kutoka mashariki, upepo ulio kusini mwa kitovu unavuma kutoka baharini kuja nchi kavu, umebeba maji na kusukuma mawimbi ufukweni. Ulio kaskazini unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini. Kwa Kiswahili cha nahodha: ukisimama nyuma ya kimbunga na kutazama kinakoelekea, mkono wa kushoto ndio mbaya. Kitovu kilipoingia Mafia, Kilwa ilikuwa mkono wa kushoto na Dar ilikuwa wa kulia. Nchi ya kusini ilikuwa imeshalowa kwa mvua za mwezi mzima, Rufiji ilikuwa imeshafurika Aprili. Haikuhitajika mvua ya ajabu kuvunja daraja. Ni sababu ileile iliyoifanya Mtwara ipone na Kenneth: ilikuwa kaskazini mwa kitovu.

“Kutua” ni neno la kitaalamu lenye maana nyembamba: kitovu kimevuka mstari wa ufuko. Kitovu ni nukta, kimbunga ni mduara wa mamia ya kilomita. Februari 2023 Freddy kilivuka Bahari ya Hindi nzima kutoka karibu na Australia, kikaipiga Madagaska, kikaingia Msumbiji, kikarudi baharini kujipatia nguvu, kikaingia tena Msumbiji Machi 11. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekithibitisha kuwa kimbunga cha kitropiki kilichodumu muda mrefu kuliko vyote vilivyorekodiwa, siku 36. Vifo vingi zaidi havikutokea ufukweni. Vilitokea Malawi, nchi isiyo na bahari, ambako mvua yake iliporomosha milima juu ya nyumba za Blantyre na watu zaidi ya 1,000 walikufa au kupotea. Mtu akikuuliza “kilitua wapi?” na kuishia hapo, ameuliza swali dogo.

“Wazee wa bahari wanajua kuliko kompyuta”

Sitamvunjia heshima mzee wa bahari. Anaijua kaskazi na kusi, anajua siku za tanga mbili, na anaweza kuona kwenye umbo la wimbi kwamba mbali kuna jambo. Yuko sahihi: mawimbi marefu hukitangulia kimbunga kwa siku nzima na zaidi. Anachokosa si akili. Anakosa idadi. Nahodha aliyekuwa mtu mzima Lindi mwaka 1952 hayupo tena baharini, na wa 1872 hawakuacha mjukuu aliye hai. Ujuzi wa bahari hujengwa na mambo yanayorudi kila mwaka, na kimbunga kwetu kinarudi baada ya vizazi.

Mwaka 1900 kuna mfano ambao wapinzani wa utabiri wangeweza kuutumia, na ningeukubali. Mapema Septemba kimbunga kilipita Cuba. Watabiri wa Cuba, wakiwemo Majesuti wa kituo cha Belén mjini Havana waliozijua dhoruba za Karibi kwa miongo, waliona kinaelekea magharibi, upande wa Texas. Ofisi ya hali ya hewa ya Washington ikasema kitapinda kuelekea Florida. Ofisi hiyo ilikuwa imeshaweka vizuizi ili telegrafu zisipeleke maonyo ya Wacuba. Septemba 8 kimbunga kiliufunika mji wa Galveston, Texas, na watu wasiopungua 6,000 walikufa. Hakuna maafa ya asili yaliyoua zaidi katika historia ya Marekani.

Lakini Wacuba hawakushinda kwa kuzikataa ala. Walikuwa na vipimo vya mgandamizo, vitabu vya kumbukumbu na macho yaliyozoea mawingu ya eneo lao. Waliopotea ni wale walioziba masikio. Kwetu maana yake ni kwamba mzee wa Kilindoni anapoona wimbi asilolielewa awe na namba ya kumpigia mtabiri, na mtabiri awe na muda wa kumsikiliza.

“Hata jina lake, Hidaya”

Dai hili lilinisikitisha, nalijibu kwa ufupi. Wapo walioona kuna fumbo katika kimbunga kuitwa zawadi. Orodha ya majina huandaliwa na kamati ya nchi za kanda kabla ya msimu, kwa mpangilio wa alfabeti. Msimu ule ulianza na Alvaro, na Gamane kikaitangulia zamu ya H. Kilichofuata, Ialy, kilipita nje ya pwani ya Kenya baadaye Mei ileile.

“Tahadhari zinawaumiza wavuvi”

Hapa nakubali zaidi ya nusu.

Tahadhari hutolewa bure na anayeitoa, na hulipiwa na anayeitii. Mtumishi wa ofisini siku ya kimbunga anabaki nyumbani na mshahara wake unaingia. Mvuvi wa ngalawa akivuta chombo juu, jioni hiyo hakuna unga. Siku ya pili anakopa. Siku ya tatu bahari ni shwari, jua linawaka, na bado hajasikia mtu akisema kwamba anaweza kushuka. Ukimwambia mtu huyo kwamba mara mbili kati ya tatu kitovu hubaki ndani ya faneli, utakuwa umemjibu swali ambalo hakuliuliza.

Lakini wanaotoka hapo na kuhitimisha kwamba watabiri wapunguze kuonya wanamtuma mvuvi yuleyule akafe. Wa kwanza kukutana na mawimbi ni yeye, kimbunga kitue au kisitue. Dawa ya gharama ya tahadhari ni kuigawana gharama. Kamati za maafa za mikoa na wilaya zipo. Siku bahari inapofungwa kwa amri ya serikali, kamati ya Mafia au Kilwa iwe na unga na maharage ya siku tatu kwa kila kaya ya mvuvi iliyoandikishwa na kikundi cha fukwe. Kimbunga kwenye pwani yetu kimetangazwa mara chache tu katika miaka hii. Bajeti hiyo haiwezi kuwa kubwa kuliko ukarabati wa daraja moja la Somanga. Na tahadhari ikiondolewa, iondolewe kwa sauti ileile iliyoiweka: redioni, msikitini, kwa kipaza sauti cha mtendaji wa kata. Kuchelewa kuiondoa ndiko kunakowafundisha watu kuidharau.

Pia taarifa zitofautishe zaidi. Mamlaka yetu ina ngazi tatu, angalizo kwa rangi ya manjano, tahadhari kwa rangi ya chungwa na tahadhari kubwa kwa nyekundu, na kila moja inaeleza uwezekano na athari. Ni mfumo mzuri. Ukifika mtaani unakuwa neno moja tu, “kimbunga”, na Tanga inafungwa sawa na Kilwa.

“Kila saa wanabadilisha maneno”

Ndivyo inavyotakiwa. Kituo cha Réunion hukipima kimbunga upya kila baada ya saa sita, na kwa saa zetu vipimo hivyo ni vya saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Taarifa hutoka muda mfupi baada ya hapo, na ile mpya inaifuta ya zamani. Anayebaki na maneno ya jana ndiye anayekuwa amekosea.

Wakati wa Hidaya nilitumiwa ramani ileile mara kadhaa ndani ya siku tatu, na kila aliyenitumia aliandika kwamba ni ya sasa hivi. Msomaji wangu, kimbunga kingine kikitangazwa na ukaletewa ramani simuni, tafuta kwanza tarehe na saa ya kutolewa. Ikiwa haina, usiitume kwa mtu yeyote. Ikiwa ni ya saa sita nyuma, subiri mpya. Na ukiwa kusini mwa pale wanaposema kitovu kitaingia, vuta chombo juu.